Mnyama wa Jua, Mwezi Usio na Jua

Shosho hakuniitikia marahaba. Nilipomwamkia kwa shikamoo, kama nilivyolelewa Kwale, alinitazama usoni, macho yakashuka taratibu hadi kwenye ndara zangu, kisha akasema, "Mzuri. Lakini wewe utakufa na baridi." Papo hapo akaniingiza jikoni, akanipa soksi za marehemu mumewe na kigoda karibu na moto. Ilikuwa Julai, na soksi zile sikuzivua hadi siku ya nne.

Nilikuwa nimekuja Karatina kumtafuta kindi. Kila niliyemweleza hivyo njiani alidhani kuna jambo namficha. Jirani yangu kwenye matatu kutoka River Road alinisikiliza kwa upole mpaka tulipoipita Thika, kisha akanishauri: kama shida yangu ni kindi tu, niteremkie kwake Kibirigwi, atanipa hata kumi bure, ilmradi niwaondoe kwenye parachichi zake. Tulipofika Sagana alikuwa ameshanipa na bei ya ekari, maana hakuamini bado kwamba sikuja kununua shamba.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye simu. Mpwa wangu alinionyesha picha ya kindi mkubwa wa India, yule wa misitu ya milima ya magharibi ya nchi ile: mgongo wa rangi ya zambarau zilizoiva, mabega meusi, tumbo la rangi ya malai, mkia mrefu kupita mwili. Jimbo la Maharashtra limemfanya mnyama wake rasmi. "Mjomba," akauliza, "mbona sisi wetu ni wa kijivu tu?"

Swali lilinichoma, kwa sababu si kweli. Kwetu Shimba Hills yuko kindi mwenye tumbo, uso na mkia mwekundu kama njia za Kwale baada ya mvua. Wataalamu humwita Paraxerus palliatus, na neno hilo la pili ni la Kilatini, aliyejitanda joho. Kwa hakika yuko kama mzee aliyevaa joho jeusi-jeusi mgongoni, kanzu nyekundu ikichungulia kwa chini. Ila ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa sijamtazama vizuri tangu utotoni. Nikaanza kusoma, na katika kusoma nikakutana na mwingine, mwenye miguu myekundu, anayepatikana kuanzia Senegali hadi Kenya, na ambaye huku kwetu yumo kwenye misitu ya Mlima Kenya. Rafiki niliyesoma naye ana mama yake, ndiye shosho huyu, maeneo ya Karatina, si mbali na msitu wa Hombe. Mambo yakawa mepesi hivyo.

Jina la kindi huyo ukilifumua ni masimulizi mazima. Heliosciurus rufobrachium. Helios kwa Kigiriki ni jua. Sciurus limezaliwa na maneno mawili ya lugha hiyohiyo, kivuli na mkia: mnyama anayejitia kivuli kwa mkia wake mwenyewe. Na rufobrachium ni mkono mwekundu. Mwingereza George Waterhouse ndiye aliyempa jina hilo la mwisho, mwaka 1842, kutokana na kindi wa kisiwa cha Bioko kule Ghuba ya Guinea. Kiswahili chetu nacho si maskini, tuna kindi, kuchakuro na kidiri, lakini tunayatumia ovyo, kila pwani na lake, na hakuna anayekuambia yupi ni yupi. Mimi nitamwita kindi wa jua. Jua limo kwenye jina lake kwa sababu ana mazoea ya kujilaza juu ya tawi wazi, miguu ikining'inia huku na huku, akaota jua kama mzee wa barazani.

Na mimi nimemfuata Karatina katika mwezi usio na jua.

Mtu wa pwani akisikia Julai huwaza kipupwe. Anaongeza kikoi kimoja kwenye mkoba na kujiona amejiandaa. Karatina iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na tangu Juni hadi Agosti wingu hushuka mlimani likakaa juu ya mji kama sufuria iliyofunikwa. Wakikuyu huuita msimu huo gathano. Si mvua, si ukungu hasa. Ni umande usiojua kukauka. Soko, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika nchi hii, nililipita siku ya kwanza mbio kuliko linavyostahili. Akina mama walikaa nyuma ya vilima vya viazi, karoti na kabeji wakiwa wamejifunika mablanketi hadi puani, sauti tu ndizo zilizokuwa hai: "Kastoma, kuja! Unatafuta nini?" Nilitamani kujibu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga mjini hapa, kwa ajili ya askari. Vita vilipokwisha kikafungwa, na wakulima waliokizoea wakabaki na uchungu. Nilipoziona kabeji zile nyingi, zikingoja lori la Nairobi kwenye baridi ile, niliuelewa uchungu wao bila kuhitaji kitabu.

Shamba la shosho liko kati ya mji na msitu: kahawa, migomba michache, nduma kando ya kijito, na mimakadamia sita. Asubuhi ya pili alinipeleka chini ya mmoja wa miti hiyo, akainama kwa kushika kiuno, akaniokotea ganda.

"Ona. Haka kanyama kako hakana adabu. Kanakula ndani yote, mimi kananiachia nyumba."

Nililigeuzageuza ganda lile mkononi. Makadamia asili yake ni Australia, na ganda lake ukilipiga vibaya kwa nyundo linaruka na kuvunja kioo cha dirisha; shosho analo la kwake lililofanya hivyo. Ganda hili lakini lilikuwa zima, isipokuwa tundu moja la mviringo ubavuni, safi kama limetobolewa na fundi. Ukingoni mwa tundu palikuwa na mikwaruzo midogo, miwili miwili, imepangana. Hapo kindi alitua, akalishika tunda kwa mikono yake miwili, akaanza kukereza huku akilizungusha. Meno yake ya mbele yana rangi ya chungwa, si uchafu, ni chuma: utando wa nje wa jino umechanganyika na madini hayo ukawa mgumu. Upande wa nyuma ni laini zaidi, unalika haraka, kwa hiyo jino linajinoa lenyewe kila linapofanya kazi. Na halikomi kukua. Kindi asiyetafuna kitu kigumu yuko mashakani. Nilimweleza shosho hayo yote, nikidhani nitamfariji.

"Sasa mimi ndiyo namnolea meno?" akauliza.

Paka wake ndiye aliyenisaidia zaidi kuliko vitabu. Usiku uliopita alikuwa amekamata kindi mmoja wa shambani, akala alichokula, akaacha mkia na kipande cha mgongo kizingitini. Huyu hakuwa yule wa miguu myekundu. Ni mdogo wake wa vichakani, Paraxerus ochraceus, anayeonekana kwenye bustani na mashamba mengi ya nyanda hizi, na kwa mbali utasema ana rangi ya majani makavu yaliyopitiwa na ukijani. Nilichukua mkia ule hadi mlangoni, nikang'oa unywele mmoja, nikauweka juu ya ukurasa mweupe wa daftari langu.

Hapakuwa na kijani. Unywele ulikuwa na pingu: nyeusi, halafu manjano, halafu nyeusi tena kwenye ncha. Nikang'oa wa pili, wa tatu, vilevile. Ukijani ule ni udanganyifu wa macho, nyeusi na manjano zikikaa karibu karibu mpaka jicho likazichanganya. Manyoya ya wanyama wanaonyonyesha yana wino wa aina mbili tu. Mmoja hutoa nyeusi na kahawia. Mwingine hutoa manjano hadi nyekundu. Basi. Chui, mbega, simba, kindi wa zambarau kule Maharashtra, hata mjukuu wa shosho mwenye nywele za rangi ya kutu aliyekuwa amenisimamia begani akitaka kujua nimepoteza nini kwenye mkia wa panya: wote wamepakwa kutoka vikopo hivyo viwili. Tofauti ni kipimo, na ni wapi kila kimoja kimeanza na kukoma kwenye unywele. Nilimwambia mtoto. Akasema rangi ya madarasa shuleni kwao pia ni mbili.

Siku hiyo na iliyofuata niliingia msituni na kutoka nikiwa nimelowa. Pale langoni nililipa, nikapewa risiti, na skauti wa chama cha jamii cha msitu akateuliwa kunifuata, kijana mwenye panga, buti za mpira na ucheshi mkavu. Hakuniuliza jina. Alisikia natoka pwani, na tangu hapo nikawa Mombasa, ingawa nilimweleza mara mbili kwamba Kwale ni ng'ambo ya kivuko.

"Mombasa, tembea katikati ya njia. Kando kuna thafai."

Nilikuwa nimeshaijua thafai kwa kidole gumba. Ni upupu wa majani, na maumivu yake yana subira, yanakusindikiza hadi jioni.

Kwanza tulipita mashamba ya mfumo wa zamani unaoruhusu watu kulima viazi katikati ya miche ya misaiprasi, mpaka miti ikue na kuwafukuza kwa kivuli chake. Kisha misaiprasi iliyokomaa, mistari iliyonyooka kama gwaride, chini yake hakuna hata kichaka. Skauti hakupunguza mwendo. "Huku hakuna mtu anaishi," alisema, na mtu kwake alikuwa pamoja na kima na kindi. Kindi wa jua anataka matunda, mbegu, wadudu na shimo la mti la kulala. Misaiprasi ni benki kwa mwenye msumeno. Kwa mnyama ni njaa iliyosimama wima.

Msitu wa asili ulianza ghafla, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chenye watu wengi. Mikafuri, inayoitwa muthaiti na wenyeji, ilikuwa michache kuliko visiki vyake. Kisiki kimoja kilikuwa kipana hata tukakaa watatu: mimi, skauti na mkoba wangu, na nafasi ikabaki. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilirusha ndege juu ya mlima huu kuhesabu majeraha yake, na rubani na wenzake walikuta mikafuri imekatwa kwa maelfu, matanuri ya makaa yakifuka, na bangi imelimwa katikati ya msitu uliokuwa umetangazwa kuwa hifadhi tangu 1932. Kisiki chetu kilikuwa na kuvu na kimeota ndevu za kijani. Skauti alikipiga kwa ubapa wa panga. "Baba yangu alikuwa anajua nani alikata huu," akasema, na hakuongeza neno.

Kindi hatukumwona. Tulisikia. Juu kwenye ukungu kulikuwa na sauti ya kitu kinachokoroma kwa haraka, halafu vipande vya gome vikatudondokea kofiani. Tulisimama karibu nusu saa, shingo zimepinda. Alichotuonyesha msitu badala yake ni shorobo, ndege mkubwa wa kijani na buluu aliyekuwa akikimbia juu ya tawi kama kuku. Alikuwa amefifia kwenye ukungu hata nikamwona wa kijivu. Aliporuka, mabawa yakafunguka, na mle ndani mkawaka nyekundu niliyoisikia kifuani. Nyekundu ya shorobo haitoki kwenye vile vikopo viwili. Ni wino wake wa pekee, wenye madini ya shaba. Akitua, anaufungia ndani.

"Huyo amekushika," skauti alisema.

Siku ya tatu ilinyesha, nikashinda jikoni nikimenya viazi vya mukimo. Shosho alinifundisha kuuponda, akaniambia mkono wangu ni wa kupika wali tu.

Siku ya nne niliamka nikadhani nimechelewa, kwa sababu ukuta ulikuwa na mstari wa manjano. Nje, mlima ulikuwa pale. Siku zote tatu nilikuwa nimelala miguuni pake bila kuuona, na sasa vilele vyake vilikuwa vimesimama juu ya mimakadamia, vyeusi, na barafu kidogo mahali mahali. Kijiji kizima kilikuwa kimetoka. Magodoro yalianikwa, kahawa ikatandazwa, na wazee wawili wa jirani walikuwa wamekaa ukutani kwa jua bila kusemezana. Niliukumbuka ule mkao niliosoma vitabuni.

Skauti alinipigia simu kabla sijampigia. "Mombasa, harakisha. Leo kila mtu ameanika nguo, hata hao."

Tulimkuta saa nne na robo, kwenye mgumo ulioota ukingoni mwa bonde, mti ambao skauti aliuzunguka kwa adabu kidogo, kama wafanyavyo wengi huku, maana mgumo si mti wa kukata wala wa kupigia kelele. Kwenye tawi lililo wazi, mita labda kumi na mbili juu, palikuwa na kitu nilichodhani ni fundo la mti. Halafu fundo likapepesa mkia.

Alikuwa amelala kifudifudi, kidevu juu ya gome, miguu minne imeachiliwa. Mgongo wake ulikuwa ule udanganyifu niliouona kwenye daftari, kahawia yenye vumbi la manjano. Lakini jua lilikuwa likimpiga ubavuni, na mkono uliokuwa ukining'inia kwetu ulikuwa mwekundu. Si nyekundu ya shorobo. Ni ile ya chungu kilichotoka tanurini leo, inayozidi kuiva kadiri unavyoitazama, kuanzia begani ikishuka hadi vidoleni. Mkia ulikuwa mrefu, mwembamba kuliko nilivyotarajia, wenye pete nyeusi na nyeupe-nyeupe zilizofuatana toka shinani hadi nchani, kama zile za kwenye unywele mmoja zimeandikwa upya kwa herufi kubwa. Mara akainuka, akaketi, akachuma tunda la mgumo lililokuwa karibu, akalizungusha mikononi, akang'ata, akalitema, akachuma lingine. Alikula sita. La saba alilitazama, akaliacha lianguke. Lilidondoka karibu na buti la skauti.

Wingu dogo lilipita. Hapo ndipo niliposhtuka: nyekundu yote ilizimika. Palepale, bila kusogea hata inchi, kindi alirudi kuwa fundo la mti, na kama ningefika dakika hiyo ningepita chini yake nikilalamika. Jua lilipotoka akawaka tena. Jambo la kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe hafaidi. Kindi waliochunguzwa macho yao wameonekana hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Mkono wake kwake huenda ni wa rangi moja na majani. Sisi wenye macho ya kutafuta matunda yaliyoiva ndio tuliopanda matatu.

Nilitoa simu. Kioo kilikuwa na ukungu wa siku tatu ndani ya lenzi. Nikafuta, nikalenga, na wakati huohuo kima mmoja upande wa pili wa bonde alitoa mlio mmoja mkali. Kivuli kipana kilipita juu ya matawi. Skauti alisema ni tai, sikumwona. Kindi alikwishazunguka upande wa nyuma wa shina. Picha ninayo hadi leo: gome la mgumo, jua, na pete tatu za mwisho za mkia.

Jioni nilimwonyesha shosho. Aliisogeza simu karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Huyu si wa makadamia."

"Si yeye. Huyu hatoki msituni, mama."

"Basi hana makosa," akahukumu, akanirudishia simu.

Mjukuu wake alitaka kujua kama wa kwetu ni mwekundu kuliko huyu. Nikamwambia ndiyo, mwekundu zaidi, tumbo lote. Akauliza analala wapi. Nikasema kwenye mashimo ya miti, nadhani. Anazaa wangapi? Nikakohoa. Akauliza swali jepesi, kunisaidia: anakula nini?

Hapo nilikuwa na jibu, kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichowahi kumwona akifanya, miaka thelathini iliyopita, mimi nikiwa chini ya mti na manati mkononi, na bibi yangu akinihimiza kutoka uani nisikose.

"Maembe," nikasema. "Maembe yetu."

Shosho alikuwa anachochea moto, ametupa mgongo. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Kumbe hata Mombasa," alisema.